Tatuu ya mkononi: bega au kigasha, hina au wino?

Wengi wanaotaka tatuu ya kwanza huingia studio na picha kwenye simu: simba, saa yenye namba za Kirumi, jina la mtoto, mstari wa mapigo ya moyo. Mahali pa kuiweka hujadiliwa dakika za mwisho, mtu ameshakunja mkono wa shati. Mimi naona ingekuwa kinyume. Picha ya kawaida ikikaa mahali panapokufaa utaishi nayo vizuri. Picha nzuri ikikaa pasipofaa itakusumbua kwenye usaili, itakusumbua ukweni, na huenda ikakuachia kovu. Ndiyo maana ninaanza na mkono wenyewe, kisha nije kwenye wino, mchoraji na maandalizi.

Kuna kundi moja la wasomaji naliaga mapema. Kama una mpango wa kuomba kazi polisi au uhamiaji Tanzania, matangazo yao ya ajira yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na mchoro mwilini. Sharti halihusu mchoro unaoonekana tu, linahusu mchoro wowote, hivyo hesabu za kuuficha chini ya shati hazikusaidii. Mashirika ya ndege ni habari nyingine. Emirates, kwa mfano, hutaka mhudumu asiwe na tatuu inayoonekana akiwa amevaa sare, na kuipaka vipodozi ili isionekane hakukubaliki. Hapo mahali ulipochora ndipo panapoamua kila kitu.

Bega au kigasha

Ukimuuliza mchoraji mahali rahisi pa kuanzia, atagusa nje ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Nyama pale ipo ya kutosha, mfupa uko mbali na sindano, na shati la mikono mifupi linafunika. Kigasha, kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, kina sifa zake: kiko wazi, kimenyooka, na mwenyewe unaiona tatuu yako bila kioo. Vijana wengi hukichagua kwa sababu hiyo hiyo. Kwao tatuu isiyoonekana ni hela ya bure.

| Sehemu | Maumivu | Kuficha | Mchoro unavyodumu |
|---|---|---|---|
| Nje ya mkono wa juu | Madogo | Rahisi, hata kwa mikono mifupi | Vizuri |
| Ndani ya mkono wa juu | Makali, hasa karibu na kwapa | Rahisi | Vizuri sana, jua halifiki |
| Kiwiko na kikunjo chake | Makali | Vigumu | Wino hushika kwa shida, mara nyingi hurudiwa |
| Nje ya kigasha | Wastani | Mikono mirefu tu | Jua hufifisha |
| Ndani ya kigasha | Wastani, huongezeka karibu na kifundo | Mikono mirefu tu | Vizuri |
| Kifundo cha mkono | Makali kiasi | Saa au bangili | Msuguano huupunguza |
| Mgongo wa kiganja na vidole | Makali | Haiwezekani | Hufifia upesi |

Jedwali hilo limeacha jambo ambalo kwa ngozi zetu ni kubwa kuliko maumivu: makovu yanayoota na kuvimba, yaani keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata keloidi zaidi kuliko weupe, na keloidi ina sehemu inazozipenda: ndewe la sikio, kifua, mgongo wa juu, na bega. Yaani pale pale panaposifiwa kwamba hapaumi ndipo kovu linapoota kirahisi. Kigasha kina hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo unavutwa huku na huku: bega linafichika lakini linaota, kigasha kinapona vizuri lakini kila mtu atakiona.

Kipimo cha kwanza unacho mwilini tayari. Tazama kovu la chanjo ya kifua kikuu uliyochomwa ukiwa mtoto mchanga. Wakenya wengi wanalo kwenye kigasha cha kushoto, Watanzania na Waganda wengi wanalo juu ya mkono wa kulia. Kama limelala, dogo, limebonyea kidogo, ni dalili njema. Kama limevimba, linang'aa, linawasha, na limetambaa kupita ukubwa wa kidonda chake cha mwanzo, mwili umeshakujibu. Tazama pia ulipotoboa masikio, ulipojikata, ulipofanyiwa upasuaji. Mwenye keloidi hata moja, au ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja anazo, ningemshauri aachane na wino wa sindano kabisa, si wa begani tu. Tatuu ni maelfu ya matundu ya sindano, na kila tundu ni kidonda kidogo. (Wamakonde wa zamani waliochanja nembo usoni na kifuani, wakasugua masizi kwenye vidonda, walilitaka kovu. Wewe hulitaki.)

Wanawake wana jambo jingine la kupima, nalo ni kijiti. Kipandikizi cha uzazi wa mpango huwekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa kawaida mkono usioutumia sana. Implanon hudumu miaka 3, vile viwili vya Jadelle miaka 5. Muda ukifika, muuguzi hupapasa ngozi akitafuta ncha, hukata kidogo, huvuta. Tatuu iliyo juu ya hapo itakatwa nayo, na sindano ya mchoraji haina kazi karibu na kijiti. Tumia mkono mwingine, au nenda upande wa nje. Na kikunjo cha kiwiko, mahali wanapotafuta mshipa wa kutoa damu, usikijaze wino mweusi tii. Hakuna sheria inayokataza, ila siku ya homa kali utamwonea huruma muuguzi, kisha utajionea huruma mwenyewe.

Kulia au kushoto? Mkono unaoufanyia kazi haupumziki. Utafua, utapika, utabeba mtoto, na kidonda kitachelewa kufunga. Kwa wengi basi kushoto ni bora. Lakini kuna suala la jua. Tanzania, Kenya na Uganda dereva hukaa kulia na mkono wake wa kulia ndio unaolala dirishani. Kongo, Rwanda na Burundi ni wa kushoto. Dereva wa masafa anayechora nje ya kigasha cha upande wa dirisha ataiona rangi ikipauka kabla ya wenzake.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa mtu wa ofisini asiye na historia ya keloidi: nje ya mkono wa juu, chini ya fundo la bega, na isizidi pindo la mkono wa shati. Hapo umekwepa sehemu inayoota zaidi na bado unafunika. Kwa aliyejiajiri, fundi, msanii au mpishi, ndani ya kigasha ndipo pazuri kuliko pote mkononi: jua ni kidogo na mchoro unasomeka. Kifundo, kiganja na vidole waachie waliokwisha kuwa na tatuu kadhaa na wanajua wanachokifanya.

Wino wa kudumu, hina, piko au stika

Asiyekuwa na uhakika ana njia tatu za kujaribu, na moja kati ya hizo ni mbaya kuliko tatuu yenyewe.

Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa, yakakorogwa kwa maji ya ndimu na sukari kidogo. Rangi yake ni ya chungwa mwanzoni, halafu hukolea kuwa kahawia nyekundu ndani ya siku mbili. Wasusi na wapambaji wa Lamu, Mombasa na Unguja huichora kwa koni, na ukikaa nayo saa kadhaa bila kuiosha inashika zaidi. Kwa mtu anayepima tatuu ya mkononi, hina ina kasoro moja: inakolea viganjani na nyayoni, ambako ngozi ni nene, lakini mkono wa juu hushika rangi hafifu na kuiacha baada ya wiki moja hivi. Kwenye ngozi nyeusi sana utaitafuta kwa macho. Bado inatosha kukuonyesha ukubwa na mahali. Tahadhari yake ni kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida kwenye nchi za malaria. Hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo usimpake mtoto ili apendeze kwenye harusi.

Piko ndiyo ile mbaya. Ni nyeusi, inakauka upesi, inaonekana safi hata kwenye ngozi nyeusi, na mchoro wake unafanana na tatuu kweli kweli. Ndiyo maana wanaochora watalii fukweni hupenda kuiita hina nyeusi. Hina nyeusi haipo. Weusi ule hutoka kwenye dawa ya kupaka nywele, na kilichomo ni kemikali ya parafenilenediamini, PPD kwa kifupi. Kwenye nywele huchanganywa kwa kipimo na kuoshwa. Kwenye ngozi hupakwa kwa kipimo cha kukisia, na kuachwa. Najua maharusi wengi wa Pwani wamepakwa piko na hawakupata neno, na mama zao vilevile. Wapo waliopata. Malengelenge hutokea baada ya siku chache, wakati mwingine hadi wiki mbili, yakifuata mstari wa mchoro kana kwamba umechorwa kwa moto, na yakipona huacha kovu au baka jeupe la umbo lile lile. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa PPD huikataa maisha yote: siku utakapotaka kuficha mvi, dawa ya nywele itakuvimbisha kichwa na uso. Mtu anayeikimbia tatuu kwa kuogopa jambo la kudumu, kisha akapaka piko, anaweza kubaki na kovu la kudumu asilolichagua.

Stika ni karatasi yenye picha. Unaibandika, unailowesha, unaivua, inabaki siku tatu hadi tano. Ndiyo ninayoipendekeza kwa majaribio, kwa sababu inaonyesha weusi na mistari kama itakavyokuwa. Chapa picha yako mwenyewe kwenye karatasi maalumu, ibandike mahali unapopataka, nenda nayo kazini, kanisani, kwa bibi. Itoe, iweke nyingine. Baada ya stika kadhaa utajua kama picha ile bado unaitaka au ilikuwa ya wiki ile tu.

Anayeswali azingatie tofauti moja: hina na piko huacha rangi tu, maji ya udhu yanafika kwenye ngozi. Stika ni utando, na mkono huoshwa hadi kiwiko. Stika ya kigashani basi itabidi itoke kabla ya swala, ya begani haizuii udhu ila inazuia josho. Kuhusu tatuu yenyewe, kwa Waislamu walio wengi mjadala ni mfupi, maana hadithi katika Bukhari na Muslim zimemlaani anayechora na anayechorwa. Wakristo wana Walawi 19:28, na wamegawanyika kama aya ile inawahusu leo au la. Mimi si mtu wa kuwaamulia. Ila fanya mazungumzo hayo na nafsi yako kabla ya sindano, kwa kuwa kufuta si jambo jepesi. Leza kwenye ngozi nyeusi huhitaji mashine ya mawimbi marefu, Nd:YAG ya nanomita 1,064, na vikao vingi vinavyopishana kwa wiki sita hadi nane au zaidi. Inaweza kuondoa rangi ya ngozi pamoja na wino, na gharama yake huipita ya tatuu kwa mbali. Mara nyingi wanaojuta huishia kuchora kubwa juu ya ndogo.

Mistari mizito, mistari myembamba, rangi

Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita moja hadi mbili. Melanini, ile rangi ya ngozi yako, iko juu yake. Maana yake rangi yoyote unaitazama kupitia ngozi yako, mfano wa kutazama karatasi kupitia chupa ya kahawia. Nyeusi inapita. Nyekundu iliyokolea na buluu nzito zinapita kwa kiasi. Njano, nyeupe na rangi za maziwa hugeuka kuwa baka ambalo watu watauliza kama ni ugonjwa. Picha nyingi za mitandaoni zimechorwa kwenye mikono ya Wazungu, tena zimepigwa dakika ileile mchoro umekwisha, ngozi ikiwa nyekundu na wino ukiwa bado unang'aa.

Kati ya mistari mizito na ile myembamba inayopendwa sasa, ngozi nyeusi inaipokea vizuri mizito yenye nafasi kati yake. Wino hutanuka kidogo kidogo miaka inavyokwenda. Mistari miwili iliyokaribiana inakuwa mmoja, na herufi ndogo za jina hujaa matumbo: "a" na "e" na "o" zinafanana. Kama ni jina, herufi ziwe kubwa kuliko unavyodhani. Kama ni Kiarabu, mwonyeshe anayekisoma kabla ya kuchorwa. Programu nyingi zikinakili Kiarabu huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, na mchoraji asiyekijua atazichora hivyo hivyo kwa uaminifu mkubwa. Na sura ya mtu, baba marehemu au mtoto, ni kazi ya mchoraji bingwa peke yake. Ikikosewa kidogo haiwi sura ya mtu mwingine, inakuwa sura ya mzimu.

Rangi nazo zina tabia ya kuleta mzio, nyekundu ikiongoza. Umoja wa Ulaya uliweka masharti makali kwa kemikali za wino wa tatuu mwaka 2022, na mwaka 2023 ukazuia rangi mbili zilizotumika sana, moja ya buluu na moja ya kijani. Chupa za namna hiyo bado zinaweza kuuzwa kwingine. Kwa tatuu ya kwanza, nyeusi tupu. Ukitaka rangi, omba kidoti cha majaribio sehemu iliyojificha na usubiri wiki chache.

Studio, au jamaa anayekuja nyumbani

Anayekuja nyumbani ni nafuu, na mara nyingine mkono wake ni mwepesi kuliko wa studio. Kipaji si tatizo. Tatizo ni kile usichokiona. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye meza, kwenye mashine, kwenye waya ulioshikwa kwa glavu yenye damu. Homa ya ini C na VVU navyo hupita kwenye sindano iliyotumika. Kubadilisha sindano peke yake hakutoshi kama wino ni ule ule aliochovya kwa mteja wa jana.

Kwa hiyo usiangalie mapambo ya ukuta, angalia mikono yake. Sindano ifunguliwe mbele yako, kwenye pakiti iliyofungwa yenye tarehe ya mwisho. Wino umiminwe kwenye vikopo vidogo vipya na unaobaki utupwe, usirudishwe chupani. Mashine na waya vivishwe plastiki. Glavu zibadilishwe akishika simu, na hapa ndipo wengi wanapofeli: simu inaita, anapokea kwa glavu ile ile, anarudi mkononi mwako. Kuwe na sanduku gumu la sindano zilizotumika, kama yale ya vituo vya afya. Akiongeza maji kwenye wino yawe yaliyotakaswa, si ya bomba. Mchoraji anayekasirika ukiuliza haya amekurahisishia uamuzi.

Kazi zake usizipime kwa picha za siku ile. Omba picha za tatuu zilizokwisha kupona, za miezi sita au mwaka, kwenye ngozi yenye weusi wa karibu na wako. Wapo wachoraji wanaodhani ngozi nyeusi inahitaji kukandamizwa zaidi ili wino ushike. Hao ndio wanaoacha mistari iliyovimba. Bei hukadiriwa kwa ukubwa au kwa saa. Anayetoza kwa saa si lazima awe ghali, na anayekupunguzia nusu bila kuombwa ana haraka.

Wiki za mwisho

Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi hawakuipata utotoni, kwa hiyo hili ni jambo la kuanza mapema, si la wiki ya tatuu. Hakikisha pia pepopunda. Mwenye kisukari, selimundu, anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za kupunguza kinga aongee na daktari wake kwanza. Mjamzito asubiri ajifungue. Na kama wewe ni mchangiaji damu, changia kabla, maana baada ya tatuu utaombwa kusubiri miezi.

Msimu nao ni wa kuchagua. Ukanda wa Pwani, kipupwe cha Juni hadi Agosti ni bora mara nyingi kuliko joto la kaskazi, ambapo kidonda kinashinda kimelowa jasho na shati limegandia. Ukichora Desemba kwa ajili ya sikukuu utaitumia sikukuu kukaa ndani.

Siku moja kabla usinywe pombe, damu itatoka zaidi na kuusukuma wino nje. Aspirini pia huongeza kutoka damu. Kama unaitumia kwa maumivu ya kichwa tu, iache. Kama daktari ndiye aliyekuandikia, usiiache kwa ajili ya tatuu, muulize. Lala vizuri, kula chakula kizito saa moja au mbili kabla. Wali na maharage vinafaa kuliko chai tupu, kwa sababu wanaozirai kitini mara nyingi hawakula. Usinyoe mkono nyumbani. Mchoraji atanyoa kwa wembe mpya, na mkwaruzo wa jana ni mlango wa vijidudu. Vaa nguo isiyobana usiyoionea uchungu, wino hautoki kwenye shati jeupe.

Krimu ya ganzi ya lidokeini nayo ina pande mbili. Inapunguza uchungu wa saa ya kwanza, lakini hubadilisha ngozi kidogo, na ikipakwa eneo kubwa na kufungwa kwa plastiki inaweza kuingia mwilini kwa kiasi cha hatari. Kwa nje ya mkono wa juu huihitaji. Kwa ndani, karibu na kwapa, ongea na mchoraji kabla. Usiipake kimyakimya ukienda.

Mchoraji akishabandika karatasi inayoacha mchoro atakaoufuata kwa sindano, simama mbele ya kioo mkono ukining'inia, kisha ukiwa umekunjwa. Mchoro ulionyooka mkono ukiwa mezani hupinda ukiushusha. Ukiona umepinda upande, mwambie aufute abandike tena. Hata mara tatu. Hakuna mchoraji wa maana anayechukia hilo.

Plastiki, kitambaa, au wazi

Baadhi ya studio hufunika tatuu kwa utando mwembamba unaopumua, unaokaa siku kadhaa. Nyingine hufunga plastiki ya jikoni kwa saa chache. Kwa hali ya hewa ya kwetu utando unaopumua ni bora, ila ukijaa majimaji au ukiachia pembeni uutoe siku hiyo hiyo. Plastiki ya jikoni isilale nawe usiku kucha, joto lile ndilo vijidudu wanalolitaka. Baada ya hapo ni kuosha kwa sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kukausha kwa kupapasa, na kupaka mafuta ya mgando kidogo sana. Anayepaka mafuta mpaka yanang'aa anakizibia kidonda pumzi. Liwa, manjano, majani ya kienyeji na spiriti viache kabisa. Magamba yatatoka yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiyabandua kwa kucha yanaondoka na wino.

Bahari, bwawa na mto subiri ngozi ifunge kabisa. Watu wa Pwani tunaamini maji ya chumvi yanaponya, na hapa imani hiyo ni ya hatari. Mwaka 2017 jarida la BMJ Case Reports lilieleza kisa cha mwanamume wa Texas aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchora tatuu mguuni. Alikuwa na ugonjwa wa ini, bakteria wa Vibrio vulnificus waliingia kwenye kidonda, naye alifariki.

Wekundu kidogo, joto na kuvimba kwa siku mbili tatu ni kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono mwingine kupima joto na kidole kupima ugumu. Ukiona uvimbe unapanda kuelekea kwapani, usaha, homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mchoraji utampigia baadaye.